Mtani ndiye aliyesoma wasifu wa baba

Saa nane za usiku, baba akiwa bado mochwari, nilikuwa nimekaa jikoni kwa mama naandika wasifu wake kwa kalamu ya mjukuu. Baba mdogo alishanionya: ukurasa mmoja, usizidi. Misa ni saa saba, makaburini saa tisa, na mvua za mwezi wa kumi Morogoro hazina adabu. Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wamewasha moto wanacheza karata. Kila baada ya muda mmoja wao anacheka kwa nguvu, halafu anakumbuka yuko msibani, anajikohoza.

Nikaandika "Marehemu alizaliwa". Nikakwama hapo hapo.

Kitambulisho cha taifa kinasema 1 Julai 1950. Cheti cha ubatizo kinasema 1951. Barua yake ya kwanza ya kazi inasema 1949, nadhani alijiongezea umri ili asionekane mtoto. Nikanyanyuka nikamfuata shangazi chumbani. Alikuwa amefika jioni ile kwa basi kutoka Tabora, amejilaza mkekani na kanga usoni, lakini hakuwa amelala.

"Shangazi, baba alizaliwa lini?"

"Wakati wa maembe."

"Mwaka gani?"

"Mwaka ule wa maembe mengi." Akageukia ukutani.

Aliyeishi Tabora anajua maembe huanza kuiva Novemba, yakakolea Desemba. Kwa hiyo hiyo Julai ni tarehe ya karani. Wazee wangapi wa nchi hii wamezaliwa 1 Julai au 1 Januari kwa sababu mtu wa mezani alichoka kuuliza! Nikarudi jikoni nikaandika 1 Julai 1950, maana ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi za benki, na baada ya mazishi tungezihitaji karatasi zile zote ziseme jambo moja.

Mengine yalikwenda haraka. Aliajiriwa reli mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akawa mtumishi wa Shirika la Reli Tanzania. Alifunga ndoa 1983. Alistaafu 2010. Ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 9. Alikuwa mcheshi, mpenda watu na mwanajumuiya mwaminifu kanisani. Mistari kumi na minne. Nilipoisoma niliona ingeweza kuwa ya mzee yeyote aliyewahi kuvaa kaki. Na huo "ucheshi" niliuweka kwa sababu kila wasifu unao. Baba hakuwa mcheshi hata kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yake yalikuwa "mmekula?"

Asubuhi nikautuma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Watu wakaweka mikono ya kusali. Hakuna aliyesahihisha chochote.

*

Baba alikuwa Mnyamwezi, mama ni Mluguru. Walio wadogo hapa huenda hawajui maana yake msibani, maana siku hizi mjini mtani akifanya kazi yake watu wanamwona hana heshima, na nimeshaona msiba Dar es Salaam ambako mtani alitolewa nje na mlinzi. Wanyamwezi walipita nchi ya Waluguru wakibeba mizigo kwenda pwani, tangu enzi za misafara, na utani wao ni wa zamani hivyo. Mluguru anaweza kuchukua kuku wa Mnyamwezi mchana kweupe, na Mnyamwezi anaweza kumwita Mluguru mtumwa wake mbele ya mkwewe, na hakuna kesi. Na mmoja akifa, mwingine ana kazi.

Mtani wa baba alikuwa mzee wa mtaa wa pili, wamejuana zaidi ya miaka 30. Nilipokuwa mdogo niliamini wanachukiana. Kila asubuhi alipita kwenye uzio wetu akiuliza kwa sauti: "Bado hajafa huyu? Nimeshakunja mkeka tayari." Na baba, asiyeongea na mtu, angejibu kutoka ndani: "Anza wewe, nije nile wali wako."

Siku ya mazishi, jeneza lilipotaka kutoka getini, alikuwa amejilaza chali katikati ya njia. Hatoki mtu hapa, akasema. Huyu alioa kwetu kwa mahari nusu, nusu nyingine alisema inakuja na treni ya mizigo, naisubiri tangu 1983. Wajomba zangu wakachangishana elfu mbili mbili. Akazihesabu kwa kulowesha kidole, akasema haitoshi, akanyanyuka kidogo, akalala tena. Padri alikuwa anaangalia saa. Mama, aliyekuwa hajainua uso tangu juzi, alifunika mdomo kwa kanga, na mabega yakawa yanamtetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Kisha mtani akaingia ndani kama mwenye nyumba. Alipotoka tena alikuwa amevaa koti la kaki la baba, mabuti yake ya mpira, na mkononi ana nyundo yake, ile yenye mpini mrefu uliong'aa kwa jasho. Akaanza kutembea kutoka mlangoni hadi getini.

Sijui nielezeje. Baba alifanya kazi kwenye genge la kutengeneza njia. Hakuwa akisema "reli", alisema "njia". Kila siku kwa miaka mingi alitembea juu ya mataruma, yale yanayolala chini ya reli, na mataruma yana nafasi yake: si hatua ya mtu mzima kamili, wala si ya mtoto. Ukiyafuata kila siku mwili unashika ule urefu, hauuachi. Baba alitembea hivyo hivyo sokoni, kanisani, barabara ya lami. Hatua fupi, sawasawa, macho chini mbele kidogo. Nimemwona akitembea hivyo maisha yangu yote na sijawahi kujua kwamba nimeona kitu.

Mzee yule alitembea vile. Hatua fupi, sawasawa, macho chini. Akasimama, akaigonga nguzo ya geti kwa nyundo, akatega sikio. Akatikisa kichwa. Akagonga tena.

Watu wote walionyamaza walikuwa wanamjua baba. Waliocheka kwanza walikuwa wageni.

Maana ndivyo alivyokuwa. Nati iliyokaza ina sauti yake na iliyolegea ina yake, na baba alileta masikio yale nyumbani. Aligonga miguu ya vitanda vyetu. Aligonga meza kabla hajala. Siku mchumba wangu alipokuja kujitambulisha, baba aligonga kiti kwa kifundo cha kidole kabla ya kumwambia akae, na mume wangu hadi leo anasema alidhani ni mila ya Kinyamwezi.

Mzee hakuishia hapo. Akaomba pasi. Mdogo wangu akaenda stoo akaitoa ile pasi ya mkaa yenye jogoo kwenye komeo, na sisi watoto tukajua kinachokuja. Jumapili jioni, wiki ambayo hayuko kambini, baba alipiga pasi sare zetu, za watoto wote watano, mashati matano, sketi tatu, kaptula mbili. Kota za reli zilikuwa nyumba za kubanana, kila mtu anaona kwa mwenzake, na wanawake walisema mama kampa limbwata. Mtani akatandika gazeti chini, akatema mate kidoleni, akagusa pasi baridi, akasema "tsss!" na kuruka nyuma kama mtoto. Kisha akanyoosha kola ya shati lisilokuwepo kwa uangalifu mkubwa, ncha kwanza halafu katikati, kama baba alivyofanya. Akainua, akaitazama kwenye mwanga, akasema kwa sauti ya baba kabisa: "Mmekula?"

Hapo ndipo nililia. Tangu Jumanne nilikuwa sijalia, nilikuwa nahesabu sahani.

Makaburini alishuka ndani ya shimo, akajilaza, akalalamika panabana. Mmechimba la Mluguru hili, alisema, huyu ni Mnyamwezi, mwongezeeni pa kuweka mzigo. Alipandishwa juu kwa elfu tano na ahadi ya jogoo. Halafu mdogo wangu akasoma wasifu wangu. Ulichukua dakika mbili, upepo ukawa unaichezea karatasi, na mimi nikawa natazama chini kwa aibu, kama mtu aliyeleta ndizi kwenye harusi ya mwenye shamba la ndizi.

*

Miezi miwili kabla hajatutoka nilimpandisha treni mpya, ya umeme. Safari za Morogoro kwenda Dodoma zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, na yeye alikuwa ameutazama ujenzi kwa miaka kutoka Kihonda, akienda na kijiti kupima upana. Njia yake ilikuwa ya mita moja kamili. Hii ya sasa ni milimita 1,435, na zile 435 zilimsumbua kama mtu aliyejenga mtaa mmoja na tajiri.

Nilitegemea afurahi. Alikaa dirishani na shati lake la kanisani, mikono magotini. Tulipopita eneo la Kilosa nikaona anafumba macho, midomo inacheza, anahesabu. Akafumbua.

"Haina sauti," akasema.

"Ndiyo uzuri wake baba."

"Reli zimeunganishwa kwa moto. Hazina maungio." Akatulia. "Sasa mtu atajuaje yuko wapi?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka 39 sijawahi kumuuliza: kwamba kwenye treni ya zamani alikuwa akisikiliza magurudumu yanavyopiga maungio, hata usiku wa giza bila kuchungulia nje akajua hapa ni Kidete, hapa Godegode, hapa tunaikaribia Gulwe. Na kwamba kuna sehemu fulani kando ya mto Mkondoa ambayo ilikuwa na mlio wa peke yake, kwa kuwa aliitengeneza yeye na wenzake kwa haraka, mvua ikinyesha. Nikamuuliza mvua gani. Akasema zile za mwaka wa tisini na saba. Nikageukia dirishani, kwa sababu mwaka huo nilikuwa na kesi naye.

Kesi yenyewe ni hii. Nilikuwa Darasa la Tano. Mvua za El Nino zilianza Oktoba 1997 na hazikukatika. Mkondoa ukila tuta, njia ya Kilosa hadi Gulwe inakatika, na ikikatika hapo, treni haiendi Tabora, Kigoma wala Mwanza. Baba alikuwa kambini. Alituahidi Krismasi atakuwepo, na mimi nilikuwa naigiza Bikira Maria kanisani. Hakuja. Hakuja Mwaka Mpya. Alifika Januari kati, matope hadi magotini, na nusu kilo ya sukari kwenye mfuko wa nailoni. Sikumwamkia. Binti wa miaka 12 nikampita baba yangu mlangoni kama nguzo. Mama alitaka kunichapa, baba akamzuia.

Usiku ule alikaa nami mezani kwenye kibatari, akanisaidia hesabu za sehemu. Nilikuwa nazikosa zote. Yeye alinieleza polepole na nikaelewa, na nikamwonea hasira zaidi: kumbe anajua yote, halafu hakai nyumbani.

*

Siku ya tatu ya matanga alikuja mzee mmoja kutoka Kilosa, aliyewahi kuwa genge moja na baba. Alichelewa mazishi kwa kukosa nauli. Nilimletea maji ya kunawa na ugali. Akanitazama sana.

"Wewe ndiye mwenye sehemu?"

Nikadhani anaulizia urithi. Msibani maneno hayo hayakawii.

"Sehemu zipi, mzee?"

"Za hesabu. Nusu, robo, theluthi." Akanawa. "Ulitutesa sana wewe mtoto."

Mwaka ule wa mvua, alisema, walilala kwenye behewa bovu lililoegeshwa, watu kumi na kitu, nguo hazikauki. Kutwa wanabeba mawe na mataruma. Usiku wengine wanalala, baba yenu anawasha karabai anatoa daftari. Alisoma hadi la nne tu, mnajua. Sehemu hazijui. Akawa anatuuliza mmoja mmoja: nusu ujumlishe theluthi unapata ngapi? Nani anajua! Tulikuwa tunamwambia zima taa. Hadi siku moja akapita mkaguzi wa njia, kijana msomi, baba yenu akambana pale pale kwenye mvua, akamwambia mkubwa, kabla hujaondoka nifundishe hii. Yule kijana akachora kwenye ubao wa taruma kwa chaki ya kuwekea alama.

Mzee akamega tonge. "Mbona unanitazama? Hakuwaambia?"

Hakutuambia. Na mimi sikumwambia mzee kilichonipita kichwani, kwamba mwisho wa muhula ule nilichapwa viboko vinne kwa kupoteza daftari la hesabu. Nililitafuta chini ya vitanda, nikamsingizia mdogo wangu, naye akala vyake nyumbani.

Baada ya arobaini mama alifungua sanduku la bati ili nguo zigawiwe. Daftari lilikuwa chini kabisa, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na barua yake ya kustaafu. Jalada la nyuma lenye jedwali la kuzidisha limeliwa na mende. Ndani, mwandiko wangu wa wino wa bluu umejaa masahihisho mekundu ya mwalimu, na chini ya kila swali nililokosa kuna penseli. Herufi zake nilizijua: kubwa, zimekandamizwa hadi ukurasa wa nyuma. Nusu ujumlishe theluthi, akaandika mbili ya tano. Amefuta kwa kidole, pamebaki doa la matope. Tena mbili ya tano. Tena mbili ya tano. Mara nne mbili ya tano, na kila mara amefuta. Ya tano ni tano ya sita, na chini yake mistari miwili, mmoja umetoboa karatasi.

Nilimpelekea mdogo wangu aone. Alisoma muda mrefu, yeye sasa ni mwalimu. Kisha akasema, "Kwa hiyo unanidai msamaha wa fimbo za 1997," nikamwambia hapana, ni wewe unayenidai.

*

Nyundo mtani aliondoka nayo siku ile ya mazishi na ilibidi tuikomboe. Alitaka jogoo mwekundu, mweupe hataki. Tulimpelekea siku ya arobaini, akairudisha imepakwa mafuta. Hakutania siku ile. Alikaa kwenye kiti cha baba na kunywa chai hadi ikapoa, halafu akamwambia mama: "Asubuhi napita pale kwenye uzio, sina wa kumuuliza." Mama akamjibu, "Niulize mimi." Mzee akafikiri. "Wewe ni dada yangu, si mtani wangu." Akaaga.

Msalaba tuliandika 1 Julai 1950. Fundi rangi aliuliza mara mbili kama tuna uhakika, nikamwambia ndivyo karatasi zinavyosema. Shangazi alipotumiwa picha ya msalaba, alijibu kwa sauti: kaka yangu hakuzaliwa kiangazi.

Desemba mama alinituma sokoni, nikanunua dodo za elfu tano. Tulizila nyuma ya nyumba, kwa mikono, maji yakichuruzika viwikoni, mama na mimi na wajukuu wanne. Mama alipomaliza lake alilinyonya kokwa hadi likawa jeupe, akaliweka ukutani, akasema huyu sasa katimiza sabini na nne, au sabini na tatu, mtajua wenyewe. Mwanangu mdogo alikuwa ameshachoka kula. Alikuwa amechukua kijiko anagonga mguu wa stuli ya bibi yake, anatega sikio, anagonga tena.